Matoazi ya Bi Sheikha

Februari ile ya 1998, mvua ndiyo iliyowajaza watu makumbushoni kuliko hamu ya historia. Shule zilikuwa likizoni. Ukumbi wa ala za muziki ulikuwa umefurika makoti yaliyolowa, vigari vya watoto na harufu ya sandwichi za mayai. Mbele ya kabati moja la kioo alisimama mwanamume mrefu, mwenye sare ya buluu ya wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi, akiyakazia macho matoazi mawili madogo ya shaba yaliyochimbuliwa Misri. Kibao kilisema yana miaka elfu mbili.

"Ala!" alijisemea kwa sauti. "Haya si ndiyo aliyonayo Mama kwenye bati la biskuti?"

"Kila mtu anayo nyumbani," alijibiwa kwa Kiswahili nyuma yake. "Juzi mzee mmoja aliniambia hivyo hivyo, akaniletea mifuniko ya sufuria."

Yule mwanamume, Miraji, aligeuka. Msemaji alikuwa msichana wa miaka ishirini na tisa hivi, kavaa koti jeupe la kazi na mtandio wa zambarau, na kidole gumba kina doa jeusi la dawa. Alikuwa Ghalia, mzaliwa wa Mombasa aliyekulia Wembley. Kazi yake pale ilikuwa kuvihifadhi vitu vya kale vya madini visiliwe na kutu.

"Ya Mama si mifuniko, bibie. Yametoka Wete, Pemba."

"Yana rangi gani?"

"Kijani. Hayajaguswa tangu sitini na nne."

Hapo Ghalia aliacha kucheka. Aliandika namba ya simu ya karakana yao nyuma ya ramani ya makumbusho, akampa.

Miraji alipiga siku ya pili yake, akiwa mapumzikoni katika stesheni ya Seven Sisters.

"Nimekupigia kwa ajili ya matoazi," alisema.

"Umeyatazama tena?"

"Bado."

"Basi umepiga kwa ajili gani?"

"Niambie wewe uliyesoma."

Wakaanza hivyo. Jumapili walipanda kilima cha Alexandra Palace, Miraji na koti lake la ngozi, Ghalia na buti nyekundu zilizomfanya mwenzake aseme kwamba hata akipotea kwenye ukungu ataonekana. Walikula chipsi kwenye benchi, na Miraji akamsimulia. Matoazi yalikuwa ya babu yake, aliyekuwa akiyapiga kwenye maulidi na harusi za mji mzima. Mapinduzi yalipotokea mzee alikamatwa, asionekane tena. Mama yake, Sheikha, alikuwa na miaka kumi na tisa. Sheikha alipoondoka na mama yake mzazi aliyafunga matoazi kiunoni, chini ya kanga mbili, na ili yasigongane wakati wa kupekuliwa akatia kipande cha bofulo katikati.

"Mkate?" Ghalia aliuliza.

"Mkate. Waliula siku ya tatu, Mombasa. Mpaka leo Mama anasema ulikuwa na ladha ya shaba. Lakini hajayapiga hata siku moja. Hayasugui, hayatazami. Yamo tu batini."

Ghalia alitia mkono wake kwenye mfuko wa koti la Miraji, ukakutana na wake, na wote wawili wakajifanya hawajaona.

Mwisho wa Machi Miraji aliamua kumfurahisha. Mama yake alikuwa matangani kwa rafiki, naye akalitoa lile bati juu ya kabati. Aliyasugua matoazi kwa ndimu na chumvi tangu asubuhi mpaka vidole vikawaka. Kesho yake aliyafunga kwenye taulo jipya, akayapeleka karakanani, akayafunua mezani mbele ya Ghalia na wenzake wawili. Yaling'aa kama yaliyotoka dukani.

"Umefanya nini, Miraji?"

"Nimekusafishia, mpenzi."

"Umeyafuta! Ile kijani ndiyo iliyokuwa na habari zote: yalifunikwa kwa nguo gani, yalikaa wapi, miaka mingapi. Ungeniletea machafu!" Aliligeuza toazi moja kwenye mwanga. "Mtu asiyejua kitu si bora asikiguse?"

Wenzake waliinamia kazi zao. Miraji alibaki na taulo mkononi.

"Asiyejua," alisema polepole. "Niambie, Ghalia, ulikuwa unanitaka mimi, au ulikuwa unaitaka shaba?"

"Sikusema—"

"Baki nayo basi."

Hakupokea tena simu. Ghalia alipiga kwake, simu ikalia bure; akapiga hata stesheni, akaambiwa yuko kwenye jukwaa la treni, ametoka, amebadilishiwa zamu. Jioni, kwenye basi la kurudi Wembley, alijikumbusha maneno yake mwenyewe, na kila mara neno lile *asiyejua* lilimuumiza zaidi.

Wiki ya tatu aliyaweka matoazi chini ya darubini, akitarajia kuona uharibifu. Mikwaruzo ya Miraji ilikuwapo, miembamba, mipya. Lakini chini yake kulikuwa na mingine, na chini ya hiyo mingine tena, imepishana kila upande, mingine imelika hadi kubaki kama kivuli. Mikono na mikono ilikuwa imeyasugua. Ndiyo maana shaba ilikuwa nyembamba hivyo, na ndiyo maana kutu haikupata kuyatoboa. Eksirei ilionyesha toazi moja lina ufa ukingoni, ulioshonwa zamani kwa vijipini vitatu na fundi mwenye subira kubwa. Na kwenye tundu la kitovu, chini ya ukanda wa ngozi, kulikuwa na kipande cha uzi mkongwe wa pamba ambacho ndimu haikukifikia.

Alipiga simu Tottenham, nyumbani kwa Miraji. Ilipokewa na mwanamke.

"Shikamoo mama. Naomba Miraji."

"Marahaba. Miraji kazini. Wewe ndiye uliye na matoazi yangu?"

Ghalia alikaa kitini. "Ndiye mimi, mama. Naomba radhi. Nilimgombeza kwa kuyasugua."

"Kwa kuyasugua?" Bi Sheikha aliguna. "Kwetu yalisuguliwa kila mfungo sita, mwezi wa maulidi, mwanangu, kwa ndimu na majivu. Shaba ya maulidi utaiachaje iote kutu? Mimi ndiye niliyeiacha. Nilipoona bati tupu, na chumvi imemwagika kwenye sinki, nililia. Nilijua kuna mtu amekumbuka."

Ghalia alifuta macho kwa mkono wa koti. Akaeleza habari za uzi, na kwamba kuna maabara inayoweza kuupima umri, lakini kipande kitateketea, na bila ruhusa yake hatakigusa.

"Kikate. Lakini uje na jibu wewe mwenyewe, usinitumie barua."

Majibu yalichukua wiki kumi, na kila Alhamisi katika wiki hizo Bi Sheikha alipiga simu karakanani, mara aulizie matoazi, mara aulize kama Ghalia amekula. Mwanawe alimtaja mara moja tu: "Huyu wangu siku hizi anasugua hata birika."

Jumanne moja ya Juni Ghalia alipanda ngazi za jengo lao, kavaa gauni la kijani la hariri, kisanduku kifuani. Mlango ulifunguliwa na Miraji. Alikuwa amekonda.

"Sikuja kwa ajili ya shaba," Ghalia alisema kabla hajakaribishwa. "Nimekuja kwako. Asiyejua alikuwa mimi."

"Na mimi ningepokea simu," alijibu, macho chini. "Nilisikia ikilia, Ghalia. Kila mara."

"Ingieni ndani, majirani hawakuwauliza habari zenu!" Bi Sheikha aliita kutoka jikoni.

Kwenye meza palikuwa na chai ya tangawizi na mikate ya ufuta. Ghalia alifungua kisanduku, akasoma jibu: uzi ule ulisokotwa si chini ya miaka mia tano na hamsini iliyopita. Matoazi yenyewe huenda yakauzidi.

Bi Sheikha aliyapokea matoazi kwa mikono miwili. "Baba alisema ni ya babu yake," alisema. "Kumbe babu yake naye aliyakuta." Kisha akapitisha kidole ukingoni. "Na huu?"

"Ufa, mama. Umezibwa, lakini yakipigwa unaweza kukatika."

"Mie nilitaka yalie harusini kwa Miraji."

Miraji aliweka kikombe chini. "Mama, si lazima yapigwe. Yawekwe tu pale mezani, watu wayaone. Kama Ghalia atakubali kuolewa na mimi."

Alisema hivyo, kisha akashtuka kwamba neno limemtoka. Ghalia alimtazama usoni, si haraka.

"Nitakubali," alisema. "Lakini yapigwe. Mara moja, taratibu. Matoazi yamefika hapa kwa sababu yalikuwa yakipigwa."

"Hapana, yatavunjika."

"Miraji, nimesema yapigwe."

"Na mimi nimesema ufa—"

"Loo!" Bi Sheikha alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Mmebadilishana akili!"

Wakaendelea kubishana, Miraji akiulinda ufa, Ghalia akiutetea mlio, hata hawakumwona mama alipoingiza vidole kwenye kanda za ngozi. Aliinua mikono, akafumba macho, akayakutanisha.

Mlio ulitoka mwembamba na mkali, ukajaa jikoni, ukatetemesha vijiko sahanini, ukakataa kuisha. Ghalia alisikia ule ufa ukiunguruma kidogo ndani ya sauti. Bi Sheikha alisimama vile vile, machozi yakimshuka mpaka kidevuni, mpaka mlio wa mwisho ukapotea.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Euphrasie, jirani yao Mkongo, na kijiko cha mboga mkononi.

"Mama Sheikha, kuna nini humu?"

"Kuna harusi," alijibu Bi Sheikha.

"Mama!" Ghalia aliruka. "Hata posa hamjaleta! Wazee wangu Wembley hawajui lolote!"

"Wembley si mbali," alisema Bi Sheikha, na tayari alikuwa anatafuta viatu. "Miraji, kavae shati la maana."