Chai ya Kuyeyusha Mwili

Ndugu zangu wa Temeke, na nyie wa Kinondoni mnaojiona wa mjini zaidi, sogeeni. Hadithi hii nawapa mwenyewe, mie Mama Romani, fundi cherehani. Wakiisimulia wengine wataniacha nje kwa kunionea haya, nami sitaki kuonewa haya. Nilikuwa na sehemu yangu ndani yake, na haikuwa nzuri.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tano, mwezi wa tano, masika yanaaga. Baraza letu lilikuwa limetulia. Cherehani yangu inakimbia, Chausiku wa chumba cha mbele anachagua mchele, na Jovina, mke wa Theonest karani, amekaa mkekani na mwanawe. Gozbert alikuwa na miezi mitatu. Mngemwona! Mikono ina mikunjo kama imefungwa uzi. Akishiba analala mdomo wazi, hata ukipiga nyundo kando yake haamki. Jovina naye alikuwa ametoka uzazi na mwili wake wote, maana mama yake alikuja toka Bukoba akamlisha siku arobaini bila huruma.

Basi tawi letu la akina mama likapata kitenge cha sare kwa ajili ya maandamano ya Saba Saba. Duka la ushirika likagawa kwa usawa: kila mama mita tatu. Mwembamba mita tatu, mnene mita tatu, hakuna cha kubishana. Nikaanza kuwapima wenzangu palepale barazani. Na mie zamani hizo nikipima nilikuwaga nasoma namba kwa sauti kama niko mnadani. Zamu ya Jovina ikafika. Nikazungusha futikamba kiunoni.

"Inchi arobaini na sita! Jamani, huyu mita tatu zinaishia begani! Mama Gozbert, ama tumwombe balozi wa nyumba kumi akuongezee kitambaa, ama tumwombe akupunguze wewe!"

Baraza zima likacheka. Jovina akacheka pia, tena kwa nguvu. Nasi watu wa utani tukimwona mtu anacheka tunadhani hajaumia. Jioni Theonest akarudi kazini, akasimuliwa, akaongezea ya kwake: "Mie mwenyewe siku hizi nalala ukingoni kama mpanda lori." Safari hii Jovina hakucheka. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka, akaingia tena. Nilimwona akijitazama kwenye kioo cha dirisha, kwanza upande huu, kisha upande ule.

Asubuhi yake Chausiku akaja na sahani ya mafuta ya ng'ombe yaliyoganda meupe, na birika la chai ya rangi, nyeusi tititi, imetiwa ndimu na tangawizi, bila chembe ya sukari.

"Mama Gozbert, kaa hapa uone," akasema. "Watu tuko namna mbili. Kuna wenye mwili wa moto, wanakula usiku na mchana, chakula kinaungua chenyewe. Mtazame Mama Romani, anakula kama kuli, mwili kama mpini wa jembe."

"Nimekusikia," nikasema.

"Na kuna wenye mwili wa baridi kama wewe. Kikiingia kinaganda. Sasa tazama."

Akamimina chai juu ya sahani. Mafuta yakalainika, yakateleza, yakaisha yote. Sote tukaguna. Mie ndiye niliyesema, "Ama kweli!" Nikumbukeni hapo, wasomaji. Mwanamke mzima, nimefiwa na mume, nimelala njaa, nimeshalishwa dawa za uongo mara ngapi, bado nikasema ama kweli.

Tangu siku ile Jovina akawa mtu wa birika. Asubuhi chai, mchana chai, jioni chai. Uji aliokuwa anakunywa kwa ajili ya maziwa akauacha, akidai uji ndio unaogandisha. Ugali anamega matonge mawili kwa kuogopa macho ya mumewe. Wiki sita zimebaki kufika Saba Saba, kisha tano, kisha nne. Kila Jumamosi anakuja mbio kwenye cherehani.

"Nipime, Mama Romani."

"Nimekupima juzi."

"Nipime tena."

"Arobaini na tatu!" natangaza, na akina mama wanapiga makofi. Theonest naye akawa anatembea kifua mbele: "Mke wangu anarudi kuwa msichana!"

Lakini ndani ya nyumba kukawa hakukaliki. Gozbert hakulala tena. Analia, ananyonya kidogo, anaachia, analia. Anakunja ngumi, anatupa miguu, macho kodo. Jovina anambeba begani, anazunguka uani, anamlaza, anamwinua. Na yeye mwenyewe mikono inatetemeka mpaka kikombe kinagonga sahani yake. Mmoja akasema meno. Mwingine akasema jicho, mtoto mnono vile lazima amepigwa jicho. Chausiku akasema chango. Hakuna hata mmoja aliyetazama kilichomo ndani ya mama.

"Mpeleke kliniki akapimwe," nilimwambia.

"Nitakwenda nikishanyooka. Nikienda hivi watanicheka kwenye foleni."

Zikapita siku mbili za kliniki. Kadi imewekwa chini ya godoro.

Jumanne moja, saa nne, tulikuwa bombani. Jovina akajitwisha ndoo. Akapiga hatua mbili, ya tatu haikuwepo. Ndoo ilianguka upande wake na yeye upande wake, na Gozbert mgongoni. Nilimfungua mtoto kwenye kanga nikidhani ameumia. Hakuwa ameumia. Alikuwa mwepesi tu. Ile mikunjo ya mikono imekwisha, ngozi inavutika kama ya mzee, na sauti ya kulia haitoki. Mdomo unafunguka, kimya.

Tukapitia kadi chini ya godoro, tukakimbia nao kliniki, mie na mtoto, Chausiku amemshika Jovina kwapani. Nesi, Sista Yustina, hakutuuliza salamu. Alimtia Gozbert kwenye mizani ya kuning'inia, akatazama kadi, akatazama mizani.

"Mwezi wa tano kilo sita na robo. Leo kilo tano kasorobo. Mama, jana ulikula nini?"

"Chai, sista."

"Chai na nini?"

"Chai... na ndimu."

"Na juzi?"

Jovina akainamisha kichwa. Chausiku akajitia kumtetea, akaeleza habari ya mwili wa baridi, sahani na mafuta. Sista akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Dada, nenda nyumbani ukamimine maji ya moto matupu kwenye sahani hiyo. Yatayeyuka vilevile. Na ukiiacha ipoe yataganda tena. Tumboni hakuna sahani. Ukiacha kula unakonda, iwe na chai, iwe bila chai. Huyu hakuyeyushwa, amekaa na njaa wiki tano. Hakuna mwili wa moto wala wa baridi hapa. Kila mwili unatumia chakula hata ukiwa umelala, na wa anayenyonyesha unatumia zaidi, maana unatengeneza chakula cha mwingine. Na ukali wa chai hiyo unamfikia mtoto kwenye maziwa. Ndiyo maana halali. Njaa inamchosha, chai inamwamsha."

Akamvuta Jovina kope ya chini, akaona weupe ndani. "Na damu huna." Akaandika karatasi ya kwenda hospitali, akaipigia mstari mara mbili.

Siku nne daktari hakutuambia mtoto atapona, wala hakutuambia atakufa. Gozbert analishwa maziwa kwa kijiko, tone kwa tone, mengine yanatoka. Jovina kila saa anamweka kifuani, na kila saa mtoto anageuza uso. Theonest alikaa ukutani amekunja kofia mikononi. Siku ya tatu akasema, bila kumtazama mtu, "Mie nilikuwa natania tu."

Siku ya tano alikuja na bakuli la ndizi na maharage, amepika mwenyewe, zimeungua chini. Akapiga magoti mbele ya mkewe wodini, mbele za watu.

"Mama Gozbert, kula. Siondoki mpaka limekwisha."

"Nitanenepa."

"Nenepa. Nitalala chini."

Jovina akala. Alikula huku machozi yanaingia kwenye bakuli, akalimaliza, akanywa uji wa hospitali, akaomba mwingine. Siku ya sita akala, siku ya saba akala. Siku hiyo ya saba ndiyo ilikuwa Saba Saba. Wenzetu wanapita mjini kwa nyimbo. Mie nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wodi. Mchana, Jovina akamweka mtoto kifuani kama alivyofanya mara mia. Gozbert akashika. Akavuta. Koo dogo likapanda, likashuka. Likapanda tena.

"Anameza," Jovina akasema. Akanishika mkono nusura auvunje. "Mama Romani, anameza!"

Theonest aligeukia dirishani, mabega yanatikisika. Mtoto alinyonya mpaka jasho likamtoka kwenye paji, kisha macho yakafumba taratibu. Akalala saa tatu. Na sisi watu wazima watatu tulikaa kumlinda kama askari, hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Tuliyojifunza

Kwanza, chai ni chai. Inywe, ifurahie, mkaribishe mgeni. Lakini haiyeyushi mwili wa mtu, na anayeiweka mahali pa chakula anajishindisha njaa. Pili, mama anayenyonyesha akijinyima, anayekonda kwanza ni yule asiyejua kusema. Mtoto akibadilika, mpelekeni akapimwe siku ileile, msingoje mama anyooke. Tatu, ushahidi wa kwenye sahani si ushahidi wa tumboni; ulizeni wanaojua kabla ya kupiga makofi.

Na la mwisho ni letu sisi wacheshi. Mwili wa mtu si mali ya baraza. Siku hizi nikipima mteja namsogeza ndani, naandika namba kimyakimya. Utani sijauacha, nitafanya nini na mdomo huu? Ila nawatania wanaume kwa upara wao. Hao hawanyonyeshi.