Waliomo Ndani

Kombe alikutwa amesimama. Maji yalimfika magotini, kifua kimeegemea ngazi ya chuma, na viganja vyake vilikuwa bado vimefumbata ncha mbili za waya zisizo na ganda. Inspekta Kahonzi alikuwa ameona maiti nyingi katika miaka yake kumi na minne ya upelelezi, lakini maiti iliyosimama hakuwahi kuiona. Kwa muda alitamani kumwambia kijana wa watu atoke.

Ilikuwa Alhamisi, saa tano na robo asubuhi, kwenye kituo cha pampu cha Tezo. Chumba cha pampu kilikuwa shimo la zege lenye kina cha mita nne, na mlinzi wa kituo ndiye aliyechungulia akapiga yowe.

"Alikuwa akiunga waya," daktari wa polisi alisema. "Alipoingia, stima ilikuwa imezimwa. Kuna mtu aliiwasha yeye akiwa humu."

Mtu huyo hakuhitaji kutafutwa. Pampu zote za kampuni ile ya maji ziliwashwa kutoka chumba cha udhibiti mjini Kilifi, na zamu ilikuwa ya binti mmoja mpole, Purity. Saa nne kamili, kama ratiba ya kila siku, alibonyeza kitufe cha Tezo, na alikiri hilo kabla hajaulizwa.

"Hukujua Kombe yumo ndani?"

"Sikujua, afande."

"Fundi akishuka shimoni, wewe unajuaje?"

"Kwa orodha."

Kahonzi alielezwa habari ya orodha hiyo taratibu, maana yeye na kompyuta walikuwa wanaheshimiana kwa mbali. Kila hitilafu na kila lalamiko la mteja liliingizwa kwenye mfumo mmoja kama tiketi, ikafungwa kazi ilipokwisha. Tiketi zilikuwa maelfu. Kombe, ambaye hakuweza kukaa na kitu bila kukichokonoa, alitengeneza kichujio chake mwenyewe cha kuzichambua na kubakiza zile tu ambazo fundi ameandika kwamba ameshuka shimoni. Alikiita Waliomo Ndani, akawashirikisha mafundi wenzake na waendeshaji wa pampu.

Kiliwafaa mno. Zamani fundi alifunga swichi kuu kwa kufuli, akashuka na ufunguo mfukoni. Tangu orodha ije, makufuli yalikuwa yakipata kutu stoo. Jina lako likiwa kwenye orodha, ulikuwa salama kama uliye kitandani kwako.

"Na leo Tezo haikuwemo?"

"Haikuwemo. Niliangalia mara mbili. Huwa naangalia mara mbili."

Kahonzi alimgeuzia skrini. Mstari ulikuwa mmoja tu, na ulisomeka vizuri: Tezo. Kombe. Ndani tangu saa tatu na dakika tano.

Purity aliusoma kwa kidole, neno kwa neno. "Haukuwepo," alisema kwa sauti ndogo. "Afande, huu haukuwepo."

Kila mtu ofisini alijua kwamba Purity na Kombe walikuwa wachumba, na kwamba mwezi uliopita Kombe aliuvunja uchumba. Kahonzi alimtia pingu kwa mkono wake. Jumatatu angefikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji, na inspekta aliamini kazi yake imekwisha.

Kesho yake alikwenda Malindi, kwenye tawi alikokuwa akifanya kazi Kombe zamani, ili apate maelezo mawili matatu ya kufunga jalada. Alikuta kaunta imefungwa na wafanyakazi wamesimama nje juani. Hakuna aliyetaka kuingia. Mmoja alisema koma, roho ya marehemu Kombe, haijatulia, na hakuna aliyemcheka.

Mueni, binti wa kaunta, ndiye aliyekuwa akilia. Alikubali kuingia alipoona inspekta ametangulia.

"Kombe amenitumia kitu," alisema.

"Lini?"

"Jana. Saa nne na dakika arobaini."

"Wakati huo alikuwa amekwisha kufa."

"Ndiyo maana tuko nje, afande."

Kwenye skrini yake kulikuwa na ujumbe mfupi: Kombe amekushirikisha kichujio, Waliomo Ndani. Chini yake ulikuwepo mstari ule ule. Tezo. Kombe. Ndani.

Mwili ulimsisimka Kahonzi. Yeye alizaliwa Ganze, akalelewa na bibi aliyewawekea koma chakula chao kabla ya mtoto yeyote kutia mkono chunguni, na mambo hayo hayamtoki mtu kwa sababu amevaa sare. Alijilazimisha kusoma ujumbe mara ya pili. Kisha akauliza swali ambalo alipaswa kuliuliza jana.

"Kabla ya jana, ulikuwa ukiiona orodha hii?"

"Kamwe. Ni ya mafundi. Mimi wa kaunta inanihusu nini?"

Walirudi Kilifi mara moja. Konstebo Charity ndiye aliyeendesha gari. Kahonzi alikuwa akimfikiria msichana aliyekuwa seli, aliyekataa chakula tangu jana.

Msimamizi wa mfumo aliitwa Phineas Gachanja, mtu wa bara, mwenye sauti ya chini na kucha alizozila mpaka zikaisha. Kahonzi alifunga mlango wa ofisi yake kabla ya kuketi.

"Nani anaweza kukigeuza kichujio cha Kombe?"

"Kombe mwenyewe. Kichujio ni cha aliyekitengeneza. Wengine wanakitazama tu."

"Hata wewe?"

Gachanja alitazama mlango uliofungwa. "Msimamizi anaweza kukichukua. Anakifanya chake, anakigeuza apendavyo, kisha anamrudishia mwenyewe."

"Na akikirudisha, wale walioshirikishwa?"

"Wanafutika. Lazima uwachague upya, mmoja mmoja au kikundi. Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu Mueni wa Malindi anakiona."

Rangi ilimtoka Gachanja. Alifungua kumbukumbu za mfumo bila kuambiwa, wakazisoma pamoja. Alhamisi, saa tatu na dakika hamsini, kichujio kilichukuliwa kutoka kwa Kombe, kikaamriwa kisionyeshe chochote cha Tezo. Saa nne na dakika arobaini amri hiyo iliondolewa, kichujio kikarudishwa kwa Kombe, na katika sehemu ya washirika pakawekwa wafanyakazi wote. Aliyekirudisha hakujua kwamba Kombe aliwachagua mafundi na waendeshaji peke yao.

Purity alikuwa amesema kweli. Kahonzi alihisi aibu ikimchoma usoni.

"Kuna kingine," Gachanja alisema. "Kombe alikuwa na kichujio cha pili, cha siri yake. Kinaitwa Zilizofungwa Bila Kufikiwa. Nacho kilichukuliwa dakika hiyo hiyo. Hiki hakikurudishwa, kimefutwa."

"Na nani?"

"Hapa panasema Msimamizi."

"Msimamizi ni wewe."

"Neno la siri tunalijua wawili, afande. Nilipokwenda kumzika mama, nilimwachia Bwana Ngowa. Niliporudi sikulibadilisha." Alifunika uso. "Niliona haya kumnyang'anya mkubwa wangu."

Bwana Ngowa alikuwa meneja wa uendeshaji, mtu mzima, mkarimu wa maneno, aliyekuwa tayari amekwenda Ganze kuwapa pole wazazi wa Kombe. Mashine haikuweza kusema ni yupi kati ya wawili hao. Kahonzi aliona njia moja tu.

Jioni hiyo aliwaambia wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, maneno yale yale. Amepata nyumbani kwa Kombe karatasi yenye orodha ile ya pili. Hajaionyesha mtu, imo mkobani mwake. Jumamosi saa tatu na nusu atashuka peke yake katika shimo la Tezo kupima, kisha atakwenda moja kwa moja kwa kiongozi wa mashtaka. Karatasi hiyo haikuwepo.

Jumamosi asubuhi Gachanja aliitwa kituoni, akanyang'anywa simu, akaketishwa mbele ya mkuu wa kituo na kikombe cha chai. Charity alitangulia Tezo, akanunua kufuli dukani, akaingizwa na mlinzi, akafunga swichi kuu nyuma ya kibanda na kumletea Kahonzi ufunguo. Mueni, kule Malindi, aliombwa asiondoe macho kwenye orodha ambayo hakupaswa kuiona.

Bwana Ngowa ndiye aliyewafungulia lango. Alikuwa amekwisha kuagiza jina la inspekta liingizwe kwenye mfumo, kama utaratibu unavyotaka. "Shuka salama, Inspekta," alisema. "Umeme umezimwa." Kisha akarudi garini mwake kusubiri.

Kahonzi alishuka. Ngazi ilikuwa na ubaridi na utelezi, na maji yalimwingia viatuni kabla hajategemea. Ncha za waya zilikuwa zinaning'inia pale pale, usawa wa kifua chake. Alijiambia kuna kufuli. Alipapasa ufunguo mfukoni, akaupapasa tena. Kufuli lilikuwa la dukani, la bei ya chini, na ghafla hakukumbuka kama alimuuliza Charity amelifunga vizuri.

Alisimama alipokuwa amesimama Kombe, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kusimama. Alikuwa na hofu, hofu ya wazi kabisa.

Saa tatu na dakika hamsini na nne simu ilitetemeka.

"Afande," Mueni alinong'ona. "Kombe ametoka kwenye orodha."

"Na mimi?"

"Wewe pia. Hakuna mtu tena. Afande, toka huko."

Alishika ngazi. Alipanda kidato kimoja, akateleza, goti likagonga zege na mkono ukapita karibu na waya kiasi cha upana wa kidole. Kule Kilifi, mwendeshaji mgeni wa zamu alitazama orodha, akaiona tupu, akadhani polisi wameondoka. Ilipofika saa nne kamili alibonyeza.

Juu ya shimo, ndani ya sanduku la pampu, kitu kiligonga: tak. Kikanyamaza, kikagonga tena. Kahonzi alifumba macho. Pampu haikuunguruma. Kufuli lilikuwa limefungwa vizuri.

Alipotokeza kichwa juani, magoti yakichuruzika maji, Bwana Ngowa alikuwa amesimama kando ya gari, kompyuta ndogo wazi kwenye kiti. Alimtazama inspekta kama mtu anayetazama mzimu. Charity alimshika meneja mkono kabla hajapata la kusema.

Kwenye chumba cha mahojiano alikana kwa dakika ishirini. Kahonzi alimwachia aseme yote. Kisha akamwekea karatasi mezani.

"Saa tatu na dakika hamsini na tatu, Msimamizi ameiondoa Tezo kwenye orodha. Gachanja wakati huo alikuwa akinywa chai na mkuu wa kituo. Ni nani mwingine anayelijua neno la siri?"

Ngowa alivua miwani.

"Orodha ya pili ilikuwa na nini?" Kahonzi aliuliza.

"Malalamiko ya Ganze. Kumi na moja."

"Ya nini?"

"Kwamba maji yananuka. Dawa ya tangi ilikuwa imekwisha. Nilizifunga tiketi zote mezani kwangu, sikumtuma mtu."

"Kwa nini?"

"Tiketi ikipita siku saba, jina langu linaandikwa kwa wino mwekundu kwenye ripoti ya mkurugenzi. Nilizoea kuzifunga. Watu hulalamika tu, nikajua yataisha. Kisha kikaja kipindupindu. Watoto wanne."

Kahonzi aliwakumbuka. Wawili walizikwa hatua chache kutoka kwa bibi yake. Alishika ukingo wa meza ili mikono yake isifanye jambo ambalo angelijutia.

"Kombe alikuambia nini?"

"Alinipa mpaka Ijumaa nikajieleze mwenyewe. La sivyo angeishirikisha orodha kwa kampuni nzima. Kwake ilikuwa kubonyeza mara moja tu, na kila mtu angeona jina langu mara kumi na moja. Niliogopa, Inspekta. Nilimsihi, akakataa. Nikaogopa zaidi."

"Na Purity? Alikuwa afungwe maisha kwa ajili yako."

"Sikumfikiria kwa ubaya." Alisema hivyo kwa unyenyekevu, kana kwamba hilo lingemsaidia. "Nilijua tu kwamba ataangalia orodha. Yule binti huangalia sikuzote."

Purity aliachiliwa jioni ile ile. Kahonzi alimfungulia mlango wa seli mwenyewe, akamwomba radhi kwa maneno ya moja kwa moja, bila kutafuta kisingizio. Purity alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba apelekwe ofisini.

Gachanja alikuwa amekirejesha kichujio kama Kombe alivyokiacha, na cha kwanza alichobadilisha kabla ya hapo ni neno la siri. Mstari wa inspekta ulikuwa umekwisha kufungwa; kwenye skrini ulibaki mmoja. Tezo. Kombe. Ndani. Ni aliyeshuka au mwendeshaji wa zamu yake tu aliyeruhusiwa kuufunga, na kwa siku tatu hakuna aliyeugusa.

Purity aliketi. Aliandika neno moja, Ametoka, akaifunga tiketi. Mstari ukafutika. Aliitazama orodha tupu, vidole vimekaa mbali na vitufe.

"Afande," alisema, "hebu niangalizie nawe. Hakuna mtu ndani?"

Kahonzi aliinama, akaangalia. "Hakuna mtu."

"Angalia tena."

Kahonzi akaangalia tena.