Mabehewa ya Mbele Yanakwenda Venisi

Soksi ndiyo iliyowakutanisha. Soksi ya kijani yenye tundu la kidole gumba, imeanguka katikati ya stesheni kuu ya Praha saa nne asubuhi, watu wanapishana mbiombio na mabegi yao. Ilka akaiokota. Hatua tano mbele akaokota nyingine, nyekundu. Alipoinama kuokota ya tatu ndipo akamwona mwenyewe: kijana mrefu, kaptula ya njano, begi la mgongoni zipu wazi, anapiga mluzi hana habari.

"Wewe kaka! Unapanda soksi, unategemea zitaota?"

Ilka alimkimbilia, gauni lake la buluu likipepea juu ya mabuti ya kupandia milima. Kijana akageuka, akaziangalia soksi, akamwangalia na mwokotaji.

"Nilikuwa nimetega," akasema. "Naona nimenasa."

"Soksi zinanuka hivi zitamnasa nani?"

"Si wewe hapo?"

Basi. Yakaanza. Yeye Duarte, wa Braga, Ureno. Msichana Ilka, wa Pécs, Hungaria. Wote wawili walikuwa na pasi ya treni ya mwezi mzima, na wote walikuwa wanakwenda popote. Siku kumi na moja wakazunguka pamoja. Viena wakaumwa na kunguni. Salzburg mvua ikawanyeshea hadi pasi zikalowa. Kwenye hosteli ya vitanda kumi na viwili Mholanzi mmoja aliwakoromea usiku kucha. Ilka alipotoka malengelenge, Duarte akabeba mabegi yote mawili, moja mgongoni moja kifuani, anatembea anayumba.

"Pole pole, mpenzi, utaanguka."

"Nikianguka niokote, Bibie Soksi. Si ndiyo kazi yako?"

Walikula mkate na dagaa wa kopo kwenye ngazi za stesheni, mafuta yakiwachuruzika viganjani, na Ilka akajua kwamba ameshapenda na hana tena pa kukimbilia.

Kosa lilitokea siku waliyotoka Munich kwenda Ljubljana. Duarte alikuwa ameacha simu yake inachajiwa karibu na kiti. Ikaita. Kwenye kioo likatokea jina Gracinha, na moyo mwekundu pembeni. Ilikuwa imeita hivyohivyo jana yake, na Duarte akaenda kuongelea nje huku anachekacheka.

"Gracinha ni nani?" Ilka akauliza simu iliponyamaza.

Duarte na utani wake, mungu wangu! "Huyo? Mpenzi wangu wa kwanza. Anapika kuliko wewe, na hanuni."

"Kumbe."

"He, uso umeshuka! Ngoja nikuletee kahawa. Nikirudi nitakusimulia, utacheka mwenyewe." Akambusu utosini, akaenda zake kwenye mgahawa wa treni.

Wivu bwana, usisikie. Ilka alikaa pale anaona siku zote kumi na moja zimegeuka kuwa za kuchezewa. Ndipo kondakta akapita, mzee mwenye masharubu, akamsemesha kwa Kijerumani, ambacho Ilka alisoma shuleni na Duarte hajui hata salamu yake.

"Unakwenda wapi, binti?"

"Ljubljana."

"Basi usihame behewa. Stesheni ya Villach treni inakatwa vipande viwili. Mabehewa ya mbele yanakwenda Venisi, mgahawa uko huko. Una mwenzako mbele?"

"Hapana."

Kondakta akayatazama mabegi. "Na haya?"

"Yangu."

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

Zilibaki dakika ishirini kufika Villach. Dakika ishirini, jamani! Angeweza kwenda na kurudi mara tano. Akajitia hamnazo, akakodolea milima. Treni ikasimama, behewa likatikisika kidogo, na baadaye mabehewa ya mbele yakaanza kuondoka. Yalipopinda na reli aliiona kaptula ya njano dirishani, vikombe viwili mkononi, mwenyewe anapiga soga na mhudumu.

Simu ikaita tena. Gracinha. Ilka akaikata. Ikaita, akaikata. Ya tatu akaipokea, matusi yapo tayari mdomoni.

Ilikuwa sauti ya bibi kizee. Sauti imechoka, inapaza kama wanavyopaza wazee simuni, na nyuma yake magurudumu ya kitanda na watu wa hospitali wanaitana. Ilka hakuelewa neno ila moja, jina la Duarte. Bibi aliposikia kimya akadhani simu mbovu, akarudia maneno yaleyale, mara ya pili, mara ya tatu, polepole, halafu akabusu simu. Ikakatika.

Ilka akabaki na simu mkononi. Halafu akafanya jambo ambalo hata leo akilikumbuka hufumba macho: akaifuta kwenye orodha ile simu aliyopokea. Akaziacha zile alizokata, zionekane kama simu iliita hapana mtu.

Duarte aligundua amepelekwa Italia akiwa ameshavuka mpaka. Kesho yake mchana akatokea hosteli waliyokuwa wamepanga kufikia Ljubljana, macho mekundu, na mkononi kikombe cha karatasi chenye kahawa iliyopoa.

"Nisamehe, kipenzi! Mimi mjinga, nimekuacha peke yako na mizigo miwili. Kahawa yako hii hapa."

Ilka akalia. Duarte akadhani ni furaha.

Kisha akachukua simu, akampigia mama yake. Ilka alimwona anakaa chini sakafuni. Gracinha alikuwa bibi yake aliyemlea. Alipelekwa kupasuliwa ghafla jana ile, na hakuamka.

"Alinipigia," Duarte akasema. "Mama alinikataza kusafiri, bibi mgonjwa. Nikaja. Akanipigia, na mimi nanunua kahawa. Amekufa amenikasirikia, Ilka."

Hapo ndipo pa kusema. Ilka akafungua mdomo, na kilichotoka ni "Pole, mpenzi." Akamkumbatia, roho ikimsuta.

Ilka alihamia Braga baada ya miezi minne. Duarte hakupanda tena treni. Safari zake zote akawa anakwenda kwa basi. Kila mwezi ilipofika tarehe aliyokufa bibi alikwenda kanisani, akirudi hali chakula. Naye Ilka alijifunza Kireno, sokoni, jikoni, kwa mama yake Duarte, na kila alivyozidi kukijua ndivyo alivyozidi kuteseka, maana yale maneno ya simuni yalikuwa yamemganda kichwani kama yalivyosemwa, na sasa yakaanza kufunguka, moja moja. Siku aliyoyaelewa yote alikuwa anamenya viazi. Aliacha kisu, akaenda kujifungia bafuni.

Asimwambie? Mtu anajitesa. Amwambie? Atajua kila kitu. Akanyamaza mwaka mwingine.

Mwaka wa pili Duarte akamwambia, "Nimechoka kuogopa treni. Twende tena, njia ileile."

Villach wakaacha mabegi kwenye behewa la nyuma, wakashuka kunyoosha miguu wakati treni inakatwa. Ilka alivaa lile gauni la buluu, limepauka. Duarte akatoa mfukoni soksi ya kijani yenye tundu, akaitia kiganjani mwa Ilka. Ndani kulikuwa na kitu kigumu, cha mviringo.

"Treni ilitutenganisha hapa, na hapa hapa nataka..."

"Usiendelee." Ilka akafumba kiganja. "Haikututenganisha treni. Kondakta aliniuliza kama nina mwenzangu mbele. Nikasema sina. Nikasema begi lako ni langu."

Duarte akacheka kidogo, halafu akaacha.

"Na bibi alipopiga nilimkatia simu mara mbili. Ya tatu nikapokea. Nilifuta, usijue. Nilidhani ni mwanamke wako."

"Ulipokea? Ulimsikia?"

"Nilimsikia. Sikumjibu."

"Miaka miwili, Ilka! Unaniona ninavyolia, unanipikia supu, unanyamaza!"

"Ndiyo. Sina la kujitetea."

Kengele ikalia. Duarte akamwangalia kama mtu asiyemjua, akageuka, akapanda behewa la mbele, na mlango ukajifunga. Ilka hakumkimbilia. Angemkimbilia kwa uso gani? Akapanda la nyuma, akakaa mbele ya mabegi mawili, soksi mkononi.

Walikuwa wamekwenda kama robo saa simu yake ilipoita. Haikumaliza mlio wa kwanza.

"Leo umepokea haraka," sauti ya Duarte, imekwaruza. "Bibi alisema nini?"

Ilka akamwambia kwa Kireno, kama alivyosikia. "Mama yako atakwambia urudi. Usirudi kwa ajili yangu, mwanangu, maliza miji yako. Ule vizuri. Na huyo msichana aliyekuokotea soksi, mlete nimwone."

Duarte akaanza kulia.

"Rudia," akasema baadaye.

Akarudia.

"Rudia tena."

Alipomaliza mara ya tatu kondakta alikuwa amesimama pembeni, mwanamke wa makamo, anamsubiri kwa adabu. Akamtazama machozi yake, akayatazama mabegi.

"Haya yote ni yako, dada?"

"Hapana," Ilka akasema, simu ingali sikioni. "Moja ni la mwenzangu. Yuko mbele."

Kwenye simu Duarte alikuwa bado analia, na hakukata.