Doa la Ghorofa ya Tatu

Mawe ya kusugulia yalikuwa mawili, na wanawake waliopiga magoti ngazini walikuwa wawili. Sasa iweje, walipotulia wote kuvuta pumzi, msuguo uendelee?

"Dada, unasikia?" Tumini alinong'ona.

"Sugua tu, mdogo wangu," Warsiyem alijibu, lakini naye alikuwa ametega sikio.

Ilikuwa Ijumaa adhuhuri. Wanaume wote walikuwa msikitini, na jengo lile kuukuu la ofisi pale mjini Semarang lilikuwa tupu. Sauti ilitoka ghorofa ya tatu, ngazi zinapokata kona. Asubuhi hiyohiyo Warsiyem alikuwa amebandua hapo, kwa tindo, kiraka cha saruji alichokipaka marehemu baba yao mwaka 1958.

Si kwamba hakukataa. Alimweleza msanifu aliyesimamia ukarabati wa jengo, Bwana Hendarto, habari nzima: kibarua mjamzito aliyeitwa Painem, msimamizi aliyemnyima ruhusa ya kupumzika kwa sababu kesho yake wakubwa wanakuja kufungua jengo, damu iliyomwagika ikanywewa na sakafu ya terazo, ile ya vipande vya mawe, na roho iliyokatika palepale, jiwe likiwa mkononi. Baada ya sherehe msuguo ulianza kusikika. Baba alilifunika doa, ikasomwa Yasini, kukatulia. Akawausia wanawe wasikiguse kiraka kile.

Hendarto alicheka. "Bibi, masharti ya hifadhi ni haya: kilichoongezwa baadaye kinatoka, cha tangu mwanzo kinabaki. Saruji ya mzee wako iliongezwa."

"Na doa ni damu ya mtu, Bwana."

"Basi ni ya tangu mwanzo."

Ndivyo walivyo hawa watu wa vyeti. Wanauonea mlango huruma kuliko aliyeubeba.

Tumini alipanda kutazama kabla dada yake hajamshika. Warsiyem alimfuata mbio, na kila alipopanda harufu ya jiwe lililolowa na damu mbichi ilimzidia, ngazi zikawa na maji ambayo hakuna aliyeyamwaga, mpaka akafika konani akamkuta mdogo wake amepiga magoti juu ya doa, anasugua kwa kiganja kitupu bila kupepesa macho, na kando yake duara jingine la maji likizidi kupanuka lenyewe, taratibu, kwa mwendo uleule wa mkono wake.

Hata walipofika nyumbani mkono wa Tumini haukukoma. Ulizunguka juu ya mkeka, ukazunguka ndani ya sahani ya wali, ukazunguka hata usingizini. Kiai Muslih, shehe wa mtaa wao, alikuja kumsomea dua.

"Painem hana ubaya," alisema kwa sauti ya chini. "Anaogopa kusimama. Mfunikeni apumzike."

Warsiyem alirudi na karai la saruji, akalifunika doa huku akilia. Mkono wa Tumini ukatulia, akalala siku mbili mfululizo. Siku ya tatu Hendarto alikiona kiraka. Alimfukuza Warsiyem kazi, akamwita fundi mwingine, akakibandua. Sikio la kufa halisikii dawa. Uchungu ni kwamba anayekufa huwa mwingine.

Siku ya kufunguliwa upya kwa jengo Warsiyem aliamka akakuta kitanda cha Tumini kitupu. Hakuuliza mtu. Alipofika ghorofa ya tatu wageni walikuwa wamejazana wakipiga picha.

"Jamani, wameleta hadi fundi wa kusugua kwa mkono kama zamani!"

"Angalia anavyojituma!"

Katikati yao Tumini alikuwa anasugua. Kucha zilikuwa zimekwisha, na doa lilikuwa jekundu upya. Warsiyem alipiga magoti akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na ulimburuta na yeye.

"Mdogo wangu, inuka twende nyumbani. Nakuomba."

Tumini alimtupia jicho Hendarto, aliyesimama nyuma yao akipokea pongezi, kisha akainamisha kichwa haraka.

"Usinisimamishe, we mama," alinong'ona kwa sauti ambayo Warsiyem hakuijua. "Msimamizi anatuangalia."