Kasuku na Mafuta ya Sili

Kila Jumamosi Kasuku alimpelekea shangazi yake chakula cha mchana kwenye ghala la samaki. Jina hilo alibandikwa na wenzake darasani, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Shangazi alikuwa msimamizi wa chumba cha barafu, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia humo bila koti nene.

Wiki moja mwalimu aliwaagiza wasome habari za wanyama wa nchi za barafu, na Jumatatu inayofuata Kasuku awaeleze wenzake. Kitabu hakukigusa. Alikuwa amesikia tu kwamba sili, mnyama wa bahari za barafu, hujikinga na baridi kwa mafuta, basi akatangaza: "Siri ni mafuta! Hata mimi nikijipaka, naingia kwa shangazi bila koti, natoka nacheka."

"Thubutu!" akasema rafiki yake, binti wa fundi viatu.

Jumamosi Kasuku akamaliza kopo zima la mafuta ya kupikia. Alijipaka usoni, mikononi, miguuni, hadi masikioni. Wapakuzi walipofungua mlango kutoa makasha, akapenya ndani. Rafiki yake akabaki nje, macho yamemtoka.

Hakufika mbali. Baridi ilimvaa, meno yakagongana, mafuta yakaganda akawa mweupe kama mshumaa. Alipogeuka akimbie, kandambili zikateleza. Akaanguka pwaa! akaserereka kwa makalio hadi kwenye rundo la jodari.

"Shangazi! Nakufa!"

Rafiki yake naye akapiga ukunga. Shangazi akaja mbio, akamtoa nje na kumfunika koti.

"Wewe mtoto, nani alitaka kukukaanga?"

Kasuku akaeleza huku akitetemeka. Shangazi alijikaza asicheke, akashindwa.

"Mafuta ya sili hayapakwi, mwanangu. Ni tabaka nene chini ya ngozi, linazuia joto la mwili lisitoke. Haya yako ni ya kukaangia viazi! Ulisoma wapi?"

"Sikusoma," akajibu kwa sauti ndogo. "Nilijifanya najua."

Alirudi nyumbani, akaoga kwa maji moto, akafungua kitabu. Jumatatu alieleza vizuri kuhusu manyoya mazito ya dubu, na pengwini wanaobanana na kupokezana nafasi ya katikati penye joto. Kisha akasimulia kisa chake mwenyewe, hadi lile rundo la jodari. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu akafuta machozi.

"Umesema kweli, na umesoma," mwalimu akamwambia. "Kusema 'sijui' hakujamgandisha mtu hata siku moja. Kujifanya unajua ndiko kulikotaka kukugandisha."