Gauni Jeupe la Fundi

Foleni ya dirisha la dawa ilikuwa imefika mlangoni siku ile fundi cherehani alipomkanyaga nesi wa kliniki ya moyo.

"Samahani, Sista. Moyo ulinigomea wiki mbili zilizopita, na miguu nayo inafuata mkumbo."

"Na mdomo?"

"Huo haukuugua."

Nesi akacheka bila kupenda. Shati la kitani alilojishonea Fundi lilimkaa vizuri ajabu. Cheti chake ndicho kilichomkata kicheko: damu imeganda bonge ndani ya moyo. Liking'oka, litakwenda kuziba popote.

"Kidonge kimoja cha kuzuia damu kuganda, kila jioni. Usiruke hata siku moja."

"Nikumbushe basi kwa simu."

Akamkumbusha miezi miwili. "Umemeza, mpenzi?" "Nimemeza, malkia wangu." Kisha ghafla simu ikawa inaita tu. Siku ya sita nesi akaenda dukani kwake, akachungulia dirishani. Fundi alikuwa amepiga magoti, anampima msichana gauni jeupe la harusi, wanacheka. Nesi akageuza njia kwa wivu.

Kesho yake saa moja asubuhi Fundi akapiga yeye. Mara tatu. Nesi akaigeuza simu kifudifudi. Na yeye aonje!

Saa sita mchana yule msichana akamleta Fundi kliniki kwa kiti cha magurudumu.

"Nimemkuta sakafuni, Sista. Msaidie kaka yangu."

Mguu wa kulia ulikuwa wa baridi, umepauka, hauna mapigo.

"Ulimeza?"

"Siku sita sijameza. Nikimeza, nikijichoma sindano damu haikatiki, na kitambaa ni cheupe. Gauni ni lako. Dada ana kimo chako."

"Mbona hukupokea simu?"

"Ningekudanganya vipi, na swali lako ni lile lile?"

Daktari wa upasuaji akasema angeletwa saa tano mapema, mguu ungepona. Sasa utakatwa. Nesi alijua saa tano hizo zilikokwenda.

"Simu niliiona," akasema, machozi yakimtoka. "Niliiacha makusudi."

Fundi akautazama mguu wake.

"Cherehani yangu ni ya kukanyaga," akasema. "Na pindo la gauni bado. Nani atakanyaga?"

"Mimi. Wewe utaongoza kitambaa."

Fundi akatia sahihi fomu ya upasuaji. Kalamu akairudisha, mkono wa nesi hakuuachia.