Kubazi la Kujaribia

Siku ile ilianza vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Nilikuwa kibarazani kwetu Isevya nachoma vitumbua, kaka yangu Lukumani yuko pembeni anashona makubazi ya ngozi kwa mkono, redio ya jirani inapiga taarabu, na binti yake Tunu anaruka kamba njiani wakati nimemtuma maji. Tunu ndiye mtoto pekee wa kaka. Mama yake, Doto, alifariki siku alipomzaa. Tangu hapo mimi Batuli ndiye shangazi, ndiye mama, na ndiye wa kugombana naye kila ikifika zamu ya kusuka nywele.

Kaka ni fundi wa ngozi, na hata wasiompenda wanakubali kwamba mkono wake ni safi. Lakini vidole vilishaanza kugoma. Ukitoboa ngozi kwa msharasi, ile sindano nene yenye mpini, tangu ujana mpaka mvi, kidole gumba kinakauka kama tangawizi. Na mwenye duka mmoja wa Nzega alikuwa ameagiza mikoba na makubazi mengi kuliko mkono wa binadamu unavyoweza. Ikabidi kaka anunue cherehani kubwa, ile ya kiwandani, ya kwanza maishani mwake.

Kama hujawahi kumsindikiza fundi kuchagua cherehani, mshukuru Mungu. Afadhali kumsindikiza bibi harusi kuchagua gauni. Hii mkono wake mfupi, mkoba haupiti. Hii chuma chake cha kukandamizia hakinyanyuki, ngozi ya mikunjo miwili haiingii chini ya sindano. Hii inang'aa, lakini mota yake ni ya kushonea mashuka. Kaka alikuwa na kanuni aliyorithi kwa mafundi wa zamani wa mji huu: cherehani haijaribiwi kwa ngozi mpya. Ngozi mpya ni laini, inamdanganya mnunuzi. Unaijaribu kwa kubazi lililovaliwa, lililokunywa jasho na vumbi mpaka likakakamaa. Ikiliweza hilo, itaweza chochote. Basi kila tulikokwenda alibeba kubazi moja la Tunu lililokatika ukanda, na kila cherehani ilivunjia sindano hapo.

Ndipo akaja dalali anayeitwa Masolwa.

"Mwangaluka, fundi," alisalimia kwa Kisukuma chake, akakaa bila kukaribishwa na kula kitumbua changu bila kuuliza. "Iko moja Itetemia. Ya marehemu Uwesu, yule aliyekuwa anashona matandiko ya punda. Mjane anaitoa, na vifaa vyote."

Nyumba ya Uwesu iko peke yake kando ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyokuwa ikielekea Ujiji. Wazee wake Uwesu waliwashonea wenye misafara viriba vya maji. Waliwashonea pia mikanda ya kuwafunga watu shingoni. Hilo halisemwi sana kwenye mabaraza yetu, ila tunalijua.

Mjane, Bi Asmahani, alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu kaifunika kwa kanga mbili na jua lile. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kututazama. Cherehani ilikuwa nyeusi, nzito, mkono wake mrefu na mwembamba. Kando yake kulikuwa na sanduku la visu, nyundo na patasi, na msharasi mmoja wa zamani ambao mpini wake ulikuwa umelika mashimo ya vidole. Kaka aliutia mkononi. Vidole vyake vikaingia kwenye yale mashimo sawasawa. Nikamwona anameza mate, nikajua hatuondoki bila ule mzigo.

Akaingiza mkono ndani ya kubazi la Tunu, akaliweka chini ya sindano, akakanyaga. Sindano iliingia bila kelele. Mshono ukatoka umenyooka, umebana, mzuri kuliko wowote niliowahi kuuona. Kaka akacheka kwa furaha, akaondoa mguu. Sindano ikashuka tena mara moja, peke yake.

"La nani hilo?" Bi Asmahani aliuliza, sauti ya chini.

"La mwanangu, Tunu."

"Tunu wa nani? Mama yake?"

Kwetu jina la mama haliulizwi ovyo. Huliuliza mganga anayetaka kupiga nyota yako, na hulitaja shehe anapomsomea maiti talakini. Nikamkanyaga kaka kidole. Yeye akadhani namkumbusha aombe apunguziwe bei.

"Wa Doto," alijibu kwa adabu. "Marehemu."

Bi Asmahani akashusha pumzi ndefu. Akafunua kanga, akanyoosha miguu kama mtu aliyevua kiatu kinachobana, kisha akasimama na kwenda zake nje kutafuta kamba ya kufungia mzigo. Masolwa, aliyekuwa ameshika upande mmoja wa cherehani, alibaki na mdomo wazi.

"Huyu mama," alininong'oneza, "hajasimama tangu wamzike mumewe."

Tuliinunua cherehani, tukaifunga kibarazani, na kwa siku za kwanza kaka alikuwa mtu mwingine. Mikoba ilitoka mmoja baada ya mwingine. Aliimba. Nami niliikebehi hofu yangu, nikajiambia kwamba vikongwe wote wanauliza mambo yasiyowahusu.

Tunu ndiye aliyeanza. "Shangazi, mguu unanichoma."

Nikamwambia aache kuruka kamba. Kesho yake akarudia. Nikauosha mguu, nikautazama vizuri. Juu ya mguu, pale ukanda wa kubazi unapopita, kulikuwa na vitobo vidogo. Havikutoka usaha wala havikuvimba. Vilikuwa vimejipanga kwa mstari, na nafasi kati ya kimoja na kingine ilikuwa ileile.

Nilikuwa bado nimeushika mguu, na kaka yuko kibarazani anashona. Cherehani ilinguruma. Nikaona kitobo kipya. Ngozi ya mtoto ilibonyea, ikafunguka, ikatulia. Kikafuata cha pili. Cha tatu. Hakuna sindano. Hakuna mdudu. Mkono wangu mwenyewe ulikuwa hapo.

"Kaka, acha!" nilipiga kelele. "Acha kushona!"

Cherehani ikanyamaza. Vitobo vikakoma.

Sitaki kukueleza uso wa kaka alipouona ule mguu. Fundi anaujua mshono wake. Aliugusa ule mstari kwa kidole, toka mwanzo mpaka mwisho, midomo inacheza.

Aliitoa sindano, akachomoa mkanda wa mota, akaifunika cherehani kwa gunia. Haikusaidia. Kila asubuhi mstari ulikuwa umepanda. Hospitali walitupa dawa ya kupaka na kusema ni wadudu. Shehe alisoma, Tunu akalala vizuri mchana mmoja, kisha tukarudi palepale. Mtoto aliyekuwa hatulii akawa wa kubebwa kwenda chooni. Vidole vya mguu vilianza kushikana. Akaacha hata kulia, na hilo lilinitisha kuliko kilio.

Kaka akapata wazo la kifundi: mshono mbaya hufumuliwa. Akalichukua lile kubazi, akaingiza ncha ya msharasi chini ya uzi, akavuta mshono mmoja tu. Ndani, Tunu alitoa ukelele hata majirani wakaja kuuliza nani kafa. Kitobo kimoja mguuni kilikuwa kimechanika, na damu ilikuwa imeshafika kwenye godoro. Uzi aliouvuta kaka ulikuwa umelowa.

Siku iliyofuata alikwenda Itetemia peke yake. Alirudi ametulia. Alikuja na nyama, akaniuliza kama vitumbua viliisha, akanitania kwamba nimenenepa kwa kula biashara yangu. Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, maana nilidhani Bi Asmahani amempa dawa.

"Batuli," akasema, "hebu niachie kubazi lako la kushoto. Linaning'inia, linakutia aibu."

Nikacheka. Miaka yote ninayoishi na fundi viatu, natembea na makubazi yaliyochoka. Mganga hajigangi, na ndugu zake hawagangwi vilevile. Nikalivua, nikampa mkononi. Yeye akalipokea huku anatazama pembeni. Nilimwambia asante. Wallahi, nilimwambia asante.

Kesho yake Tunu alisimama. Alikuja jikoni kwa miguu yake, ananiuliza kuna nini cha kula. Nilimkumbatia nikalia, nikapika pilau, nikagawa mpaka kwa watu nisioongea nao. Vidole vilikuwa vimeachana. Mstari ulikuwa umefifia, umebaki kama alama ya soksi iliyobana.

Alasiri nikaenda kutawadha. Nikavua kubazi la kushoto, lile alilonirekebishia, nikamimina maji mguuni. Yaliniwasha.

Nikainama kutazama. Vilikuwepo. Vidogo. Vimejipanga.

Sikuswali. Nilikwenda moja kwa moja kwa kaka, mguu mmoja peku, maji yanachuruzika. Alikuwa amekaa nyuma ya cherehani, mkono wa kulia kauficha ndani ya msuli.

"Umenitaja," nilimwambia.

Akatikisa kichwa kukubali. Alieleza kwa kunong'ona, Tunu asisikie. Bi Asmahani alimwambia kwamba mshono haufumuliwi, ila unahamishwa. Kiatu cha mtu, jina lake, na jina la aliyemzaa. Ndivyo ilivyokuwa hata kabla ya cherehani, wakati wa msharasi, wazee wa Uwesu walipokuwa wanashonea misafara. Uwesu mwenyewe ulipomfika aliliingiza kubazi la mkewe wakati mkewe anampikia. Kisha akafa kwa maradhi mengine kabisa, akamwacha Asmahani kwenye mkeka anangoja mnunuzi mwenye adabu.

"Ni mtoto, Batuli," kaka alisema. "Ungefanya nini wewe?"

Nilimtukana. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama nayajua. Kinachoniuma ni kwamba angeniuliza, ningempa mguu. Tunu nimemlea mimi. Ningeutoa mwenyewe, na ningelijua ninalolitoa. Yeye alichukua, na mimi nikamshukuru.

"Toa huo mkono," nikamwambia.

Hakutaka. Nikauvuta. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimeshikana nchani, na kuzunguka pale vilipokutana kulikuwa na vitobo, vimebana kuliko vyangu. Mkono ulikaa vilevile kama umeshika sindano. Alijaribu kuufungua mbele yangu, jasho likamtoka, ukakataa.

Alilia kama mtoto, hajui amekosea wapi. Mimi nililiona papo hapo, na nakiri kwamba nilicheka. Alipolishona kubazi la Tunu mkono wake ulikuwa ndani, lakini Tunu ni wa Doto, na yeye si wa Doto. Alipolishona langu, mkono wake ulikuwa ndani vilevile, na akataja: Batuli wa Mosi. Fundi mzima, mwenye kanuni za kila aina, akasahau kwamba Bi Mosi amemzaa na yeye.

Tulikodi guta la mizigo tukairudisha Itetemia, cherehani na sanduku lake. Nyumba ya Uwesu ilikuwa imefungwa. Jirani alisema Bi Asmahani amehama, alimwona anakwenda barabarani kwa mwendo wa haraka, kabeba viatu mkononi. Tukaitupa ndani ya kisima kikavu nyuma ya nyumba, tukaijazia mawe; sanduku tukaliacha mlangoni kwake. Sindano yake tuliikunja kwa nyundo, nikaitupia chooni kwa mkono wangu.

Mstari wangu umepita kifundo sasa. Kaka hafanyi kazi. Jana kidole cha kati nacho kilijiunga. Tunu anaruka kamba njiani, na kila kamba inapopiga ardhi mimi nashukuru na wakati uleule nachukia, na sioni haya kulisema.

Mama yetu, Bi Mosi, amekuja kutoka Chemchem kutuuguza. Hatukumweleza kitu, ni mzee, tumemwambia ni ugonjwa wa ngozi. Aliacha makubazi yake mlangoni, yale ya zamani yenye ukanda uliokwisha, akajinyoosha kidogo baada ya chakula cha mchana. Leo alipotaka kwenda msibani kwa jirani, nilimsikia anacheka mlangoni.

"Mkono wa Lukumani umepona," alisema. "Tazama alivyonishonea vizuri."

Nilimfuata nikiburuza mguu. Ukanda wake ulikuwa umeshonwa upya. Mshono umenyooka, umebana. Kaka alikuwa ndani amelala, na ngozi yote nyumbani ilishauzwa.

"Mama," nilinong'ona, "nani kagusa viatu vyako?"

"Mimi nitajuaje? Nilikuwa nimesinzia." Akaingiza mguu, akaukanyaga chini kuona kama unamkaa. "Kabla ya hapo kuna mwanamke tu alisimama hapa mlangoni, viatu vyake kavibeba mkononi pamoja na msharasi wa mpini uliolika, kaniuliza jina la bibi yenu, mzaa mama. Nikamtajia. Kwani kuna ubaya?"